Taa ya ukungu ao taa ya mbali? Namna ya kuzitofautisha kwenye magari ya zamani

Tuseme gari ya zamani, Land Rover ao Peugeot 404, iko na taa mbili za mviringo zenye zimefungwa kwenye parashoki, pembeni ya fare zake kubwa. Kioo ni safi, chuma kinang'aa. Shofere anafika kwenye milima ya baridi ya Lubero saa kumi na moja asubuhi, ukungu unashuka, anawasha zile taa mbili akifikiri zitamsaidia. Mara moja anaona ukuta mweupe mbele yake. Barabara imepotea, mtaro umepotea, hata pua ya gari yake inaonekana kwa shida. Anazizima, na tazama, anaona vizuri zaidi kuliko wakati zilikuwa zinawaka.

Taa zile hazikuwa mbovu. Zilikuwa nzima kabisa, lakini hazikuwa za ukungu. Zilikuwa taa za mbali, zile za kumulika barabara ndefu na nyoofu usiku wenye hewa safi. Yule mwenye kuziuza alisema ni za ukungu, mwenye kuzifunga aliamini, na shofere akaja kujua ukweli mahali pabaya.

Kosa hili linapatikana kila pahali penye watu wanapenda ao wanategemea magari ya zamani. Kutoka mbali, taa hizi mbili zinafanana kama mapacha. Lakini kazi yake ni tofauti kabisa, na mtu akijua vitu vichache vya kutazama, hawezi tena kudanganywa sokoni wala garajini.

Kazi mbili zenye hazifanani

Taa ya mbali inasaidia fare kubwa kufika mbali zaidi. Mwanga wake ni mwembamba na wenye nguvu, unaenda moja kwa moja mbele, mita mia na mamia. Shofere anaihitaji wakati anaenda mbio usiku na hakuna mtu mwenye anakuja mbele yake. Gari ingine ikitokea, inafaa kuizima palepale, pamoja na mwanga mkubwa wa fare, kwa sababu inapofusha.

Taa ya ukungu, yenye wengine wanaita antibruyari, haina kazi ya kwenda mbali. Mwanga wake ni mpana na mfupi, unalala chini karibu na udongo kama mkeka wenye umetandikwa mbele ya gari. Juu, mwanga ule umekatwa: kuna mstari, chini yake kuna mwangaza, juu yake kuna giza. Unaonyesha kando ya barabara, mtaro, jiwe la pembeni, mguu wa mtu mwenye anatembea. Mita kumi, ishirini, basi.

Kuna pia aina ya tatu, ile taa ndogo ya kutafutia, yenye mwanga mwembamba sana kama wa tochi. Mara mingi iko na mkono wa kuizungusha, ili shofere asome kibao ao atafute mlango wa nyumba. Hiyo haichanganyi watu sana. Taa zenye zinachanganya watu ni zile mbili za kwanza.

Juu ya nini ukungu unarudisha mwanga?

Ukungu ni maji. Ni matone madogo sana ya maji yenye yanaelea ndani ya hewa, mengi kupita kuhesabu. Kila tone likipigwa na mwanga, linautawanya pande zote, na sehemu moja inarudi kwa macho ya shofere. Mwanga ukiwa na nguvu nyingi, na ukipita juu mbele ya macho yake, ndivyo unarudi kwa wingi. Ndiyo maana mtu mwenye anawasha mwanga mkubwa ndani ya ukungu anaona ukuta mweupe: anatazama mwanga wake mwenyewe wenye umerudi.

Taa ya ukungu inapunguza hatari hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza, imefungwa chini, mbali na macho ya shofere. Ya pili, haitumi mwanga juu. Kati ya macho ya shofere na ule mkeka wa mwanga kunabaki nafasi yenye ukungu wake haumulikwi, na ndani ya nafasi ile macho yanapata njia ya kuona barabara.

Lakini inafaa kuelewa jambo moja: hakuna taa yenye inatoboa ukungu. Hata ile nzuri zaidi haiwezi. Inasaidia tu kuona karibu, na mtu mwenye anaona karibu lazima aende polepole. Kwa mwendo wa kilometa 40 kwa saa, gari inapita mita 11 kila sekunde. Kama shofere anaona mita 20 tu mbele yake, hana hata sekunde mbili za kuona, kufikiri na kusimama. Taa haiwezi kumpatia zile sekunde zenye amekosa. Kupunguza mwendo ndiko kunazileta.

Monte Carlo, 1966: taa zilipotupa ushindi

Mtu akifikiri kwamba tofauti ya taa hizi ni maneno ya mafundi tu, akumbuke mashindano ya magari ya Monte Carlo ya mwezi wa kwanza 1966. Gari ndogo ya Uingereza, Mini Cooper, ilikuwa imeshinda mwaka 1964 na Paddy Hopkirk, na tena 1965 na Timo Mäkinen. Mwaka 1966 Mini tatu zilifika za kwanza, za pili na za tatu: Mäkinen, Rauno Aaltonen na Hopkirk. Nyuma yao, kwa nafasi ya nne, kulikuwa Roger Clark na Ford Cortina yake.

Kisha wakaguzi wakatazama taa. Ndani ya fare kubwa za Mini kulikuwa ampule za iode, zenye wakati ule zilikuwa bado mpya kwenye magari. Ampule zile zilikuwa na uzi mmoja tu. Ampule ya kawaida ya fare iko na nyuzi mbili: moja ya mwanga mkubwa, ingine ya mwanga wa chini, ule mashofere wanaita kode. Uzi ukiwa mmoja, fare haiwezi kushuka. Basi, shofere wa Mini akitaka kushusha mwanga, fare kubwa zilizimika na taa za ukungu za kwenye parashoki zikabaki zinafanya kazi ya kode.

Wakaguzi wakasema hapana, sheria ya mashindano hairuhusu. Mini zote tatu zikaondolewa, na Cortina pia ikaondolewa kwa sababu ya taa. Ushindi ukapewa Pauli Toivonen wa Finland, mwenye alikuwa anaendesha Citroën. Waingereza wakakasirika sana, na wengi mpaka leo wanasema ilikuwa kisingizio cha kunyima Mini ushindi wa tatu mfululizo. Mwaka wenye ulifuata, 1967, Mini ikarudi na Aaltonen akashinda.

Watu wamebishana miaka mingi kama ile hukumu ilikuwa ya haki. Lakini kwa mwenye gari ya zamani, hadithi hii iko na fundisho lake. Taa ya ukungu na taa ya kode, hata kama zote mbili zinamulika chini, si kitu kimoja. Kila taa iko na kazi yake, na mtu akiipa kazi ya mwenzake, kuna siku itamgharimu.

Rangi ya manjano inadanganya

Watu wengi, wakiona taa ya manjano, wanasema moja kwa moja: hiyo ni ya ukungu. Si kweli. Rangi haionyeshi kazi ya taa.

Nchini Ufaransa, kuanzia mwisho wa miaka ya 1930 mpaka 1993, sheria ilitaka magari yawe na fare za manjano. Zote: za mwanga mkubwa na za kode. Kwa hiyo Peugeot 404 yenye ilitoka Ufaransa, Citroën DS, ao Renault 4, inaweza kuwa na fare za manjano, na taa za mbali za manjano, bila kuwa na hata taa moja ya ukungu. Peugeot 404 ndiyo ile gari yenye ilishinda Safari Rally ya Afrika ya Mashariki mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, kwenye vumbi na matope. Mtu akiikuta leo na ampule za manjano, asiseme mara moja kwamba zile ni taa za ukungu.

Upande mwingine, taa nyingi za ukungu za Waingereza na za Wajerumani zilikuwa na kioo cheupe kabisa.

Je, manjano inasaidia ndani ya ukungu? Wengine wanasema inapita vizuri zaidi kati ya matone. Lakini tone la ukungu ni kubwa mara nyingi kupita wimbi la mwanga, na kwa tone kubwa vile rangi zote zinatawanywa karibu sawasawa. Manjano inaondoa sehemu ya buluu ya mwanga, na kuna mashofere wenye wanasema macho yao hayachoki haraka. Hiyo inawezekana. Lakini ile kazi ya kweli inafanywa na umbo la mwanga, haifanywi na rangi. Mtu akipaka taa ya mbali rangi ya manjano, itabaki taa ya mbali, na nguvu yake itapunguka kidogo.

Kioo ndicho kinasema ukweli

Kitu cha kwanza cha kutazama ni mistari ya kioo.

Kioo cha taa ya ukungu mara mingi kimejaa mistari yenye imesimama wima, kutoka juu mpaka chini, imeshikana kama mabati ya nyumba. Kila mstari unapinda mwanga na kuusukuma kushoto na kuume. Ndiyo maana mwanga unakuwa mpana. Mistari ikiwa mingi na ya nguvu kwa kioo kizima, mtu anaweza kusema kwa uhakika mkubwa kwamba kioo kile kilitengenezwa kwa kutandaza mwanga.

Kioo cha taa ya mbali kinakuwa laini, ao kiko na mistari michache tu, ao katikati yake kuko wazi kabisa. Hakina haja ya kutandaza. Kioo cha nyuma chenye kinang'aa, chenye umbo la bakuli, kimekusanya mwanga wote na kuutuma mbele kama mshale. Kioo cha mbele kinafanya tu kazi ya kuzuia vumbi na maji.

Kitu cha pili ni ndani ya taa. Mtu atazame kupitia kioo, mbele ya ampule. Kwenye taa nyingi za ukungu kuna kofia ndogo ya chuma yenye inafunika ampule upande wa mbele. Kazi yake ni kuzuia mwanga wenye unatoka moja kwa moja kwa ampule usiruke juu ovyo. Kofia ile ikiwa imepotea ao imeng'olewa, taa ya ukungu inaanza kupofusha watu na kuleta ule ukuta mweupe. Lakini taa zingine za mbali nazo ziko na kofia, kwa hiyo alama hii peke yake haitoshi. Inafaa kuiunganisha na mistari ya kioo.

Kitu cha tatu, na hapa wengi wanakosea, ni umbo la nje. Kampuni ya Lucas ya Uingereza ilitengeneza taa zenye zilifungwa kwa magari mengi ya miaka ya 1950 na 1960. Taa yake ya ukungu yenye jina SFT 700 na taa yake ya mbali yenye jina SLR 700 ziko na chuma cha nje kilekile, upana uleule wa karibu inchi 7. Tofauti iko kwa kioo na vitu vya ndani. Mtu mwenye kioo kimoja kilichovunjika anaweza kufunga kioo cha taa ingine, na jina lenye liko kwa chuma halitasema tena ukweli. Usitazame chuma, tazama kioo.

Tena, wakati ule ilikuwa desturi kwa Waingereza kufunga taa moja ya ukungu upande mmoja na taa moja ya mbali upande mwingine. Taa ya ukungu iliwekwa upande wa kando ya barabara, ili imulike ukingo. Kwa hiyo mtu akikuta Land Rover ya zamani na taa mbili zenye kioo tofauti, asifikiri kwamba moja ilibadilishwa. Labda ndivyo mwenye gari alitaka. Kwao Waingereza, kando ya barabara ni upande wa kushoto. Huku kwetu Congo, magari yanapita kuume, basi taa ya ukungu ya peke yake ingefungwa upande wa kuume.

Maandishi na herufi

Kama kioo kingali na maandishi yake, mambo yanakuwa mepesi. Kwa taa za Lucas, inatosha kutazama herufi mbili: FT ni ya ukungu, LR ni ya mbali.

Kwa taa zenye zilitengenezwa Ulaya nyuma ya miaka ya 1960, kioo kinakuwa na duara lenye herufi E na namba ndani. Namba ile ni ya nchi yenye ilikubali taa: 1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 3 ni Italia, 11 ni Uingereza. Namba ya nchi haisemi aina ya taa. Aina inasemwa na herufi zenye ziko karibu na duara. Herufi B inamaanisha taa ya ukungu ya mbele. Kwenye taa za siku hizi zaidi inaandikwa F3. Herufi R inamaanisha mwanga mkubwa, na HR ni mwanga mkubwa wa ampule ya halojeni. Hizo ndizo herufi za taa ya mbali. C ni mwanga wa kode.

Taa za Marekani ziko na herufi SAE. Ikifuatwa na F, ni ya ukungu. Ikifuatwa na Y, ni ya mbali.

Taa za mbele ya wakati ule hazina alama hizi. Hapo inabaki kioo, na jaribio lenye linafuata.

Ampule, kwa upande wake, haisaidii kutofautisha. Ampule ya H3, kwa mfano, ilitumiwa ndani ya taa za ukungu na ndani ya taa za mbali pia. Mtu akisema "ni ya ukungu juu iko na H3", hajaonyesha kitu.

Jaribio la ukuta

Njia ya kuondoa mashaka yote ni kuangalia mwanga wenyewe. Hakuna mashine yenye inahitajika.

Gari isimamishwe mahali pa sawasawa, usiku, mbele ya ukuta, umbali wa mita 8 hivi. Kwanza mtu apime kutoka udongo mpaka katikati ya taa, kisha aweke alama ya chaki kwenye ukuta kwa urefu uleule. Awashe taa moja tu, ile ya pili afunike na nguo. Nguo isikae muda mrefu, kwa sababu kioo kinapata moto.

Kama ni taa ya ukungu, ukutani kunatokea mkanda mpana, mrefu kutoka kushoto mpaka kuume, na upande wake wa juu umekatwa kama kwa rula. Ule mstari wa juu unapaswa kukaa chini ya alama ya chaki, sentimita 10 ao 12 hivi kwa umbali huo. Ukiwa juu ya alama, taa imeelekezwa vibaya na inafaa kuishusha.

Kama ni taa ya mbali, kunatokea doa moja lenye nguvu katikati, karibu na urefu wa alama, na mwanga unapunguka kidogo kidogo pande zote. Hakuna mstari wenye umekatwa juu.

Wakati mwingine mkanda unatokea, lakini umesimama wima badala ya kulala. Ao mstari wenye umekatwa uko chini, na mwanga wote unapanda juu. Hapo taa ni ya ukungu kweli, lakini kioo kimegeuzwa. Taa nyingi za zamani zinaweza kusimama juu ya parashoki ao kuning'inia chini yake. Mtu akiigeuza taa bila kuzungusha kioo, inaanza kumulika matawi ya miti. Vioo vingine viko na neno ao alama ya kuonyesha upande wa juu. Mtu aitafute mbele ya kukaza vis.

Kama taa haijafungwa kwa gari, inaweza kujaribiwa mkononi na batri. Lakini inafaa kwanza kusoma volti kwenye ampule. Coccinelle nyingi za miaka ya 1950 na ya mwanzo wa miaka ya 1960 zilikuwa na umeme wa volti 6. Ampule ya volti 6 ikiwekwa kwa batri ya volti 12 inaungua mara moja. Ampule ya volti 12 kwa batri ya volti 6 inawaka hafifu kama mshumaa, na mtu anaweza kufikiri taa ni mbovu.

Mahali pa kufunga, na waya zake

Taa ya ukungu inafungwa chini. Sheria za Ulaya za leo zinataka taa ya ukungu ya gari ndogo isishuke chini ya sentimita 25 kutoka udongo na isipite sentimita 80. Kuifunga juu ya paa, kama wengine wanafanya kwa jeep, kunaharibu maana yake yote: mwanga unapita mbele ya macho ya shofere na kurudi wote. Kwa barabara zetu zenye mashimo na mawe, taa ya chini sana inavunjika haraka, kwa hiyo mafundi wanatafuta pahali pa katikati: chini ya fare kubwa, lakini nyuma kidogo ya pua ya parashoki.

Taa ya mbali inaweza kukaa sawa na fare ao juu kidogo. Waya yake inafaa kufuata waya ya mwanga mkubwa, ili shofere akishusha kode, taa ya mbali izimike pamoja bila yeye kufikiri. Taa ya ukungu iko na suichi yake peke yake, na inawaka pamoja na kode ao na taa ndogo, haifuati mwanga mkubwa. Hiyo nayo ni alama: kama waya za zamani bado ziko pahali pake, fundi anaweza kuzifuata na kujua taa ilikusudiwa kazi gani.

Kabla ya kuongeza taa, inafaa kuuliza kama gari inaweza kuzibeba. Ampule mbili za wati 55 kwa batri ya volti 12 zinakula karibu ampea 9. Land Rover nyingi za miaka ya 1960 zilikuwa na dinamo ya Lucas C40, yenye inatoa ampea 22 hivi ikizunguka vizuri, na mwendo ukipunguka inatoa kidogo zaidi. Mtu akiwasha fare kubwa, taa mbili za mbali na mbili za ukungu kwa wakati mmoja, dinamo inashindwa na batri ndiyo inalipa deni. Kesho asubuhi gari haiwaki. Na kama umeme wote ule unapitishwa kwa suichi ndogo ya zamani bila rele wala fizible, waya inaweza kupata moto na kuunguza gari.

Kuhusu kuume na kushoto

Swali moja linakuja mara mingi mashariki mwa Congo, kwa sababu magari mengi yanaingia kutoka nchi zenye watu wanapita kushoto, kama Uganda, Kenya na Tanzania. Fare za magari yale, kwa kode, ziko na mwanga wenye unapanda upande wa kushoto ili kuonyesha kando ya barabara yao. Huku, mwanga ule unapanda ndani ya macho ya mwenye anakuja. Hiyo ni kasoro ya kweli na inafaa kubadilisha fare.

Kwa taa za ukungu na taa za mbali, shida hiyo mara mingi haipo. Mwanga wa taa ya ukungu umelala sawasawa pande mbili, na ule wa taa ya mbali unaenda katikati. Taa nzuri ya zamani yenye ilitoka kwa gari ya Uingereza inaweza kufanya kazi yake vizuri huku, kama imeelekezwa sawasawa.

Mbele ya kununua

Mtu akienda kutafuta taa ya zamani kwa wenye kuuza piesi, ao akitaka kujua ile yenye iko kwa gari yake, afuate vitu hivi kwa mpango. Atazame kioo kwanza: mistari mingi ya wima ni ukungu, kioo laini ni mbali. Asome herufi: FT, B, F3 ao SAE F ni ukungu, LR, R, HR ao SAE Y ni mbali. Atazame ndani kama kofia ya ampule ingali. Asidanganywe na rangi, wala na chuma cha nje, wala na jina la ampule. Na kama kungali mashaka, usiku usogeze gari mbele ya ukuta: mkanda wenye umekatwa juu, ao doa katikati.

Jaribio hili linachukua dakika kumi na halilipishwi. Ni afadhali mtu agundue kosa mbele ya ukuta wa nyumba yake kuliko kuligundua mlimani, ukungu umeshuka, kamio inakuja, na mtaro hauonekani uko upande gani.